Mstari Ulionyooka

Arendal, Februari. Bandari imeganda,
na wino wangu pia: nimekiweka kidau juu ya jiko
mpaka ulipokubali kutiririka.
Mimi ni karani. Kazi yangu ni kuandika
waliyoyasema wengine, na kunyamaza.

Kesi ya tatu asubuhi hiyo:
Tarald Ommundsen, baharia, miaka ishirini na minne,
anamdai nahodha wa merikebu Haabet
mshahara wa miezi kumi na mmoja.
Amevaa koti la kuazima, mikono yake inakomea
karibu na viwiko. Kiganja cha kulia
kimepinda kama ufunguo mbovu.

Ng'ambo ya chumba, nahodha Gjeruldsen,
ndevu zimechanwa, saa ya dhahabu mfukoni,
na msaidizi wake Tellefsen, ambaye akiulizwa jambo
hutazama kwanza kofia ya mkubwa wake juu ya meza.
Hakimu na nahodha huketi benchi moja kanisani.
Kesi ya nyani, hakimu ngedere.
Hilo sikuliandika. Hakuna aliyelisema.

Nahodha asema: alikuwa amelewa.
Asema: usiku wa tarehe tisa Novemba,
tukitoka Cádiz na shehena ya chumvi,
aliamriwa apande foromalini, akakataa, akatukana.
Yamo daftarini.

Daftari likafunguliwa.
Nikasogea ili ninakili, na hapo nikaona.
Tarehe nane, tisa, kumi: siku tatu za dhoruba
iliyowang'olea mlingoti wa mbele
na kumchukua mpishi pamoja na sufuria yake,
na maandishi yamenyooka
kama nguo kambani siku isiyo na upepo.
Hakuna tone. Hakuna herufi iliyoyumba.
Wino mmoja, ncha moja, mkono mtulivu,
mkono wa mtu aliyeketi kwenye kiti kisichotembea,
pengine na kahawa kando.

Nikanakili neno kwa neno.
Nikapuliza wino ukauke.

Tarald hajui kusoma. Alipoitwa
alisema mkono ulivunjika tarehe nane,
ulibanwa na mnyororo, na Tellefsen alijua,
kwani ndiye aliyeufunga kitambaa.
Alisema ya kamba mgongoni, mara kumi na nne;
alizihesabu kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine.
Wakili akatabasamu: "Kati ya wino na neno lako,
tuamini lipi?"

Jiko likakohoa.
Kisha akaomba alione daftari.
"Utalionaje, nawe husomi?"
"Nitaliona tu, mheshimiwa. Bahari nayo sikuisomea."

Akaliinamia, likiwa limemgeukia kichwa chini,
akapitisha kidole juu ya tarehe tisa, taratibu,
kama anayepapasa ubao akitafuta ufa.
"Usiku huo," akasema, "supu haikukaa bakulini.
Tulitafuna biskuti tumelala, tumejifunga kamba.
Naomba bwana Tellefsen atuambie
alikaa wapi, akaandika mstari ulionyooka hivi."

Tellefsen akaitazama kofia.
Kofia haikuwa na jibu.

Hukumu: alipwe miezi tisa.
Miwili ikatwe, kwa utovu wa adabu.
Kuhusu mgongo na mkono, mahakama haikuona ushahidi.
Aprili, barafu ilipoachia, nahodha aling'oa nanga
na daftari jipya.

Tarald alikuja mezani kwangu kutia sahihi.
Aliandika msalaba kwa mkono wa kushoto,
msalaba uliolalia upande,
kana kwamba meza yangu ilikuwa ikipanda wimbi.
"Wewe uliona," aliniambia. Hakuuliza.

Miaka yote nimeandika waliyoambiwa wengine.
Neno hilo moja niliambiwa mimi,
na sikuliandika
hadi leo.